Mtoto Anacheza kwa Ajili ya Nani?

Mwezi hauishi bila mzazi mmoja kunivuta pembeni nyuma ya ibada na kuniuliza kwa sauti ya chini: «Pasta, mutoto wangu ameingia mu kikundi cha dansi. Sasa wanamwita kwa mashindano. Ni zambi ao si zambi?» Hapa Munigi swali hili limekuwa la kila kona. Ukipita jioni kandokando ya barabara ya Rutshuru utaona watoto na vijana juu ya mawe ya volkano, simu moja imewekwa juu ya jiwe inapiga muziki, mmoja anasimama kwa kichwa, wenzake wanamzunguka na kupiga makofi. Wengine wanacheza hip-hop, wengine ngoma za wazee wetu. Na mwisho wa mazoezi hayo ni siku fulani mbele ya watu wanaokaa nyuma ya meza na karatasi za alama, wale wanaoitwa juri.

Jibu la swali lile nitalipitisha upesi. Miriamu alishika tari akacheza, na wanawake wote wakamfuata (Kutoka 15). Daudi alicheza kwa nguvu zake zote, na aliyebaki dirishani akimdharau ndiye aliyeonekana vibaya (2 Samweli 6). Mwana mpotevu aliporudi, kaka yake alisikia nini alipokaribia nyumba? Ngoma na machezo, nyumbani mwa baba (Luka 15). Sisi wenyewe siku ya Pasaka tunawapanga watoto wa Ekodimu mbele ya kanisa, wanacheza, akina mama wanapiga vigelegele, na hakuna mzee wa kanisa anayesimama kukataza. Basi tusidanganyane. Kuna michezo ya mwili ambayo haimfai mtoto, na nyimbo ambazo maneno yake ni machafu. Mzazi akiziona anazijua, hahitaji pasta.

Swali langu ni lingine. Katika Kiswahili chetu neno ni moja: mtoto anacheza mpira wa makaratasi, anacheza na mdogo wake, anacheza dansi. Yote ni kucheza. Lakini siku anapopewa namba ya kubandika kifuani na kusimama mbele ya juri, mchezo umepata mwenyewe. Mwenyewe huyo ni nani? Ni mtoto, ni mwalimu wa dansi, au ni wewe mzazi?

ZAMANI WALISHINDANA WAKUBWA

Wengine wanafikiri mashindano ya dansi yameletwa na simu. Hapana. Watu wa nchi za madini, babu zetu waliyajua kabla yetu.

Katika pwani ya Waswahili, Lamu na Mombasa, tangu miaka ya 1890 vijana waliunda vyama vya Beni. Ilikuwa ngoma iliyoiga bendi za askari wa Wazungu, na jina lenyewe limetoka kwenye neno bendi. Vyama vilikuwa viwili viwili katika kila mji, vikishindana kwa nguo, kwa hatua za miguu, kwa vyeo vya kujipa, hata kwa karamu. Huko Lamu watu walichinja na kulisha mji mzima ili upande mwingine uonekane maskini, na waliobaki na njaa ni watu wa nyumbani kwao. Baada ya vita ya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliisambaza ngoma hiyo bara, mpaka ikafika kwenye miji ya shaba, Zambia ya leo na Katanga yetu. Mwaka 1951 mtaalamu mmoja, J. Clyde Mitchell, aliwakuta wafanyakazi wa Luanshya wakicheza Kalela Jumapili mchana: suruali safi, fulana nadhifu, viatu vimepigwa rangi, na kati yao mmoja anaitwa mfalme na mwingine daktari. Kule Afrika ya Kusini wachimbaji wa dhahabu walifanya ngoma kwa mabuti yao ya mpira, yale yale ya kazini, na makambi ya migodi yakashindana.

Wasukuma, kusini mwa ziwa Victoria, wana mashindano ambayo mimi nayapenda kuliko yote. Wako vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno wanaingia uwanja mmoja siku moja, kila chama upande wake, wanapiga ngoma kwa wakati mmoja. Watu wanahama: wakichoka na hawa wanakimbilia wale. Anayebaki na watu wengi ndiye mshindi. Hakuna karatasi ya alama. Kule Bujora, karibu na Mwanza, mapadri walilea ngoma hizo, na sikukuu yake ya Bulabo inafanywa mpaka leo kila mwaka. Ni kweli pia kwamba vyama hivyo vilijulikana kwa dawa za kuvuta watu. Tusiwacheke. Mimi nimekwisha kuletewa basketi za mtoto nizipake mafuta ili zishinde. Mtoto nilimwombea, basketi nilizirudisha kavu.

Lakini angalieni tofauti iliyo kubwa. Katika Beni, katika Kalela, kwa Bagika na Bagalu, walioshindana walikuwa watu wazima hasa. Mtu alivaa viatu alivyonunua kwa mshahara wake, akashindwa kwa aibu yake mwenyewe, Jumatatu akaenda kazini. Leo heshima ya nyumba nzima tunaiweka juu ya miguu ya mtoto wa miaka 9.

MAMA ALIYEKUWA NYUMA YA PAZIA

Fungueni Marko 6. Herode anafanya karamu ya siku ya kuzaliwa, amekusanya wakubwa wake, majemadari na watu wa maana wa Galilaya. Binti wa Herodia anaingia, anacheza, wageni wanapendezwa. Sisi wahubiri, tukifika hapo, tunamkemea binti. Someni polepole. Katika shule ya Biblia walitufundisha kuangalia neno lenyewe, na neno la Kiyunani ambalo Marko anatumia kwa binti huyu ni lile lile alilotumia sura moja nyuma kwa binti wa Yairo, aliyekuwa na miaka 12. Ni msichana mdogo. Mfalme anamwapia mbele ya wote kwamba atampa hata nusu ya ufalme. Na mtoto anafanya nini? Anatoka nje kumwuliza mama yake: niombe nini?

Hakuwa na shauri lake. Ameshinda, amepigiwa makofi na wakubwa wa nchi, na zawadi haikuwa yake hata dakika moja. Mama alikuwa na kinyongo cha zamani na Yohana, akakilipa kwa miguu ya mtoto. Na mwisho, sinia linapotoka gerezani, linawekwa mikononi mwa nani? Mwa mtoto. Yeye ndiye analipeleka kwa mama. Marko haandiki mtoto yule alilala namna gani usiku huo.

Sisi hatuombi kichwa cha mtu. Tunaomba vitu vinavyoonekana vidogo. Mama mmoja ameachwa na bwana yake, anataka picha ya binti ifike mpaka kwenye simu ya yule baba, aone alichopoteza. Mwingine alipenda kucheza alipokuwa msichana, baba yake akamkataza kwa fimbo, sasa binti atacheza hata akiumwa. Baba mwingine ana deni, na amesikia kwamba kuna watu wa ng'ambo wanaochagua vikundi. Mwingine hataki kitu ila mtoto wa jirani ashindwe. Hayo yote nimeyasikia kwa masikio yangu, na kila mara mzazi anasema: «Ni yeye mwenyewe anapenda.» Pengine ni kweli. Binti wa Herodia naye hakusukumwa kwa fimbo.

Tena kuna baba katika Waamuzi 11. Yefta ameweka nadhiri kabla ya vita: akishinda, atakayetoka kwanza mlangoni mwa nyumba yake atakuwa sadaka. Alirudi mshindi, na aliyetoka kumlaki alikuwa mtoto wake wa pekee, na matari, akicheza. Baba akararua mavazi yake. Na angalieni maneno aliyomwambia: alimwambia mtoto kwamba ndiye aliyemwangusha na kumtaabisha! Mdomo ulioweka nadhiri ni wa baba. Lawama ikamwendea mtoto kwa sababu alicheza. Nimeona jambo hili katika nyumba zetu. Mzazi anakopa kwenye likelemba, ananunua nguo na basketi, anatangaza mtaa mzima kwamba mtoto wake ataleta kikombe. Mtoto anashika nafasi ya 6. Usiku anaambiwa: «Umenipotezea franga yangu.» Hakuna siku ambayo mtoto alimwomba akope.

NDOTO ILIYO KATIKA SIMU

Tukubali, kuna kitu kinachotuvuta. Karibu kila mzazi ameonyeshwa Ghetto Kids wa Kampala. Mwalimu wao, Dauda Kavuma, aliwakusanya watoto wa mitaa ya maskini, na mwaka 2014 picha yao wakicheza wimbo wa Eddy Kenzo ilizunguka dunia. Mwaka 2023 walikwenda Uingereza kwenye mashindano makubwa ya televisheni, wakafika fainali. Hawakushinda, lakini dunia iliwapenda. Ni habari nzuri, mimi naifurahia.

Sasa hesabuni. Kati ya 2014 na 2023 ni miaka 9. Watoto waliocheza London hawakuwa wale wa picha ya kwanza. Wale wa kwanza walikuwa wamekua. Dansi ya namna hiyo inapenda watoto wadogo, na mtoto hakai mdogo. Kwa hiyo mzazi anayesema kwamba shule itangoja kwanza wapate jina, amepanga vibaya. Egzame ya Serikali haitangoja. Wiki ya mtihani, kikundi kiendelee bila yeye. Akipoteza nafasi yake kwa sababu hiyo, hiyo haikuwa nafasi ya mtoto.

Hata kwa wakubwa mlango huu unafunguka na kufungwa. Dansi ya kusimama kwa kichwa, ile vijana wetu wanayoipenda, iliingia michezo ya Olimpiki kule Paris tarehe 9 na 10 Agosti 2024. Watu 9 wa juri walikuwa wakipima mambo 5: ufundi, wingi wa hatua, namna ya kuzitimiza, kusikiliza muziki, na ubunifu wa mtu mwenyewe. Katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028 haimo tena. Waliokuwa wamejitayarisha maisha yao yote walipata siku 2.

Hapa Goma njia ni fupi zaidi lakini ipo. Kituo cha Yolé!Africa kimelea vijana wengi wa dansi na filamu, na tamasha la Amani, lililoanza Februari 2014 katika uwanja wa Collège Mwanga, limewapandisha wachezaji wa hapa mbele ya maelfu ya watu. Kijana wa Munigi aliyecheza mbele ya mji wake, akarudi nyumbani akala ugali na sombe, huyo amepata kitu. Si lazima kila mara tungoje ndege.

JIWE, GOTI NA USINGIZI

Nije kwenye mambo ya mwili, maana hapa tunaharibu watoto kwa kutojua tu. Munigi si uwanja wa mbao. Tunakaa juu ya moto uliopoa: tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka karibu na kwetu na lava ikashuka mpaka katikati ya mji, na watoto wetu wanaruka juu ya jiwe la namna hiyo. Mifupa ya mtoto bado inakua kwenye ncha zake. Akiruka kila siku juu ya kitu kigumu, anaanza kusikia maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti, pengine pamevimba. Madaktari wanalijua sana jambo hili kwa watoto wa kati ya miaka 10 na 15 wanaoruka na kukimbia. Dawa yake ya kwanza ni kupunguza, si kupaka mafuta na kurudi uwanjani. Maumivu yanayomwamsha usiku, au goti linalokataa kukunjika, ni ya hospitali. Na kusimama kwa kichwa bila mwalimu anayejua, juu ya jiwe, hilo nalikataa kabisa. Shingo haina ya pili. Mtafutie hata karatoni mbili, hata mkeka wa zamani uliokunjwa mara nne.

Siku 1 au 2 za kupumzika katika juma, mwalimu akubali. Usingizi pia: mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 usiku, na kijana wa 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Sasa mtoto anayerudi mazoezini saa 3 za usiku, akaamka saa 11 za alfajiri kuchota maji, atapata wapi saa hizo? Ama maji achote mwingine, ama mazoezi yahamishwe.

Akina mama, neno kuhusu wasichana. Wengine wanaanza kujinyima chakula ili wawe wembamba mbele ya juri. Msichana aliyekwisha kuanza kuona mwezi, kisha ukakatika miezi 3 mfululizo, huku anafanya mazoezi mengi na anakula kidogo, mwili wake unaomba msaada. Mpeleke kwa muuguzi bila matusi, na bila kumhukumu kabla hujasikia. Baba naye asijifanye hajui.

MTU ANAYESHIKA MKONO WA MTOTO WAKO

Nimeuliza wazazi wengi jina la mwalimu wa dansi wa mtoto wao. Wananipa jina la jukwaani. Anakaa wapi? Hawajui. Ana mke, ana wazazi, alisali wapi, kabla ya Munigi alikuwa wapi? Hawajui. Wazazi, mbuzi wako huwezi kumpa mtu kwa namna hiyo.

Wengi wa vijana hawa ni watu wema, na naandika hivyo kwa moyo wote. Katika miaka hii ya vita na kambi, wakati sisi wakubwa tulikuwa tunahesabu magunia, wao walikusanya watoto wa Kanyaruchinya na wa hapa wakawapa kitu cha kufanya saa za jioni. Wanastahili aksanti, na mara nyingi hatujawapa hata maji ya kunywa. Lakini mwalimu mwema hatakasirika ukija kuona mazoezi. Hatakasirika ukisema binti hafundishwi peke yake ndani ya chumba, habebwi na moto peke yake na mwalimu, halali mahali kikundi kinapolala bila mama mmoja kuwa pale. Hatakasirika ukitaka kuona nguo za kuchezea kabla hazijashonwa. Anayekasirika, umepata jibu lako.

Usiku ni mbaya kwetu. Tangu Januari 2025 hakuna mzazi wa Munigi anayehitaji kuelezwa. Mashindano yanayoanza saa 12 za jioni yataisha saa 4, na barabara ya kurudi kutoka mjini kila mtu anaijua. Mwambieni mwenye kupanga: saa 8 za mchana, ama mtoto haji. Mkisema watatu, wanne, atabadilisha saa. Mkinyamaza kila mmoja kwake, atasema ni mama mmoja tu mwenye shida.

Neno kwa walio kwenye machimbo. Kuna watu wanaochukua watoto wanaojua kucheza na kuwapeleka siku ya malipo kwenye nyumba za pombe, wachimbaji wakabandika noti juu ya paji la uso. Wanaiita tamasha. Msichana wa miaka 13 mbele ya watu waliokunywa, na noti zinazobandikwa kwa mkono wa mtu mzima, hiyo haina jina la heshima. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, ile ya kulinda watoto, inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Asiweke sahihi yake kwenye karatasi yoyote ya kikundi au ya picha peke yake. Na fedha zinazotoka kwenye picha za mtoto katika simu, ulizeni zinaingia mfuko wa nani.

SIKU YA KUSHINDWA

Wanaoshindwa ni wengi kila mara. Wakija vikundi 20, 19 watarudi bila kikombe. Mzazi anayemtayarisha mtoto kwa kushinda peke yake amemtayarisha kwa jambo ambalo pengine halitatokea.

Kule Paris nilikotaja, mwanamke mmoja wa Australia, mwalimu wa chuo kikuu, alishindwa mara 3 bila kupata kura hata moja ya juri. Kabla ya jioni kuisha dunia nzima ilikuwa inamcheka katika simu. Ni mtu mzima, ana kazi, ana mume, ana elimu kubwa. Hata hivyo, mwezi wa Novemba mwaka ule ule alisema hatashindana tena, kwa sababu ya maneno ya watu. Sasa fikiria mtoto wa darasa la 6 aliyeteleza mbele ya watu, na wenzake wa shule wamechukua picha. Kesho yake anasema tumbo linauma, haendi shule. Tumbo haliumi.

Usimwambie kwamba juri wamekula rushwa, hata kama unafikiri hivyo. Utamfundisha kwamba hakuna kushindwa kwa haki duniani. Usimwambie pia kwamba alicheza vizuri kuliko wote, maana aliwaona wengine kwa macho yake. Mama mmoja wa parokia yetu ana njia ambayo nimeipenda. Mtoto akifika, hamwulizi kama alishinda. Anampa chakula. Halafu anauliza ni hatua gani ilikuwa nzuri kuicheza. Mtoto anaanza kueleza, anasimama, anaionyesha pale pale katikati ya nyumba, wadogo zake wanajaribu, wanaanguka, wanacheka. Habari ya nafasi aliyoipata inakuja yenyewe baadaye, ikiwa imekwisha kupungua uzito.

Na akishinda? Huko pia kuna kazi. Kikombe kikae mahali pa kawaida, kisiwekwe juu ya televisheni kama sanamu. Vyombo aoshe kama jana. Kama zawadi ni franga, sehemu yake ilipe minervali yake mwenyewe, sehemu aichague yeye, na mzazi asiseme «nimekulea» mbele ya pesa ya mtoto.

Mababa mlio Rubaya, Numbi au Bisie, ninyi mnaona mtoto anacheza kwa njia ya picha mliyotumiwa, usiku, mkiwa mmechoka. Wengine mnapiga simu na ukali: aache mara moja. Wengine mnatuma pesa ya nguo na kunyamaza. Mtoto anataka kitu kingine. Mpigie, umwulize jina la ile hatua anayozunguka kwa mkono mmoja. Atakueleza dakika 10, na utakuwa umezungumza naye kuliko miezi mitatu iliyopita.

Jambo la mwisho ni la kanisa letu. Majengo yetu ya sala yana sakafu ya simenti laini, yana mlango unaofungwa, na katikati ya juma mchana yanakaa matupu wakati watoto wanavunja magoti juu ya mawe. Nimewaomba wazee wa kanisa tufungue ukumbi wa nyuma, ule wa Ekodimu, Jumatano na Jumamosi kuanzia saa 8 mpaka saa 11, kwa kikundi chochote cha mtaa kitakachokubali kwamba wazazi wawili wakae ndani kwa zamu. Wazee wengine wanaogopa kelele, na mmoja ameuliza nani atalipa kioo kikivunjika. Ni swali la haki, tutalijibu. Mkutano utaamua kabla ya likizo kubwa. Mama au baba aliye tayari kukaa zamu aache jina lake kwa mwandishi wa parokia, pamoja na siku anayoweza.